Katibu na Mawe ya Kivukoni

Katibu wa kijiji chetu cha ujamaa alikuwa na sauti ya mkutanoni hata akiomba chumvi, na kidole kisichochoka kunyooshea watu. Kila Jumamosi tulizoa changarawe kivukoni Ngenge. Kila mvua ikinyesha, mto uliileta tena.

“Mawe hayana miguu,” alifoka. “Kuna kabaila anayarudisha!”

“Waitu, Ndugu Katibu, maji ndiyo yanayoyaviringisha huko chini,” tulimsihi kwa heshima.

Akakunja suruali, akaingia mtoni kutuumbua. Jiwe likaja likibiringika, likamgonga muundi. Akaruka, akatugeukia sote tuliosimama ukingoni, mikono mitupu.

“Nani amerusha?”

Theopista, mjane wa jirani, akaangua kicheko. Alifungiwa kwenye stoo ya kahawa mpaka alipokiri kwamba ni yeye.