Nyama Iliyorudi Moshini

Harufu ya moshi wa mti wa avoka, ule wa maparachichi, bado inaniamshia wivu. Wengine ikiwapita puani wanawaza chakula. Mimi juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jirani hapa Goma, alikuwa anachoma matawi makavu ya avoka, nikajikuta nimekunja uso kama mtoto aliyenyang'anywa ndizi. Ngoja niwaeleze ninyi peke yenu, maana kwa mtu wa umri wangu hili si jambo la kusema kwa sauti.

Nilikulia Masisi, juu ya kilima cha maharage na mahindi, kitinda mimba wa Papa na msaidizi wake wa kila kazi. Akigongomea misumari, mshika misumari ni mimi. Akisuka ua wa ng'ombe, mwenye kamba ni mimi. Hakuna aliyenigombania cheo hicho mpaka alipokuja Riziki.

Riziki alikuwa binti wa mdogo wake Papa, yule aliyeoa kijijini Kibua, kule Walikale, akabaki hukohuko msituni. Mke wake alipofariki, baba mdogo alikwenda Omate kuchimba dhahabu, akamwacha mtoto kwetu mpaka apate chochote. Tulikuwa rika moja. Alifika na mfuko wa plastiki na ukimya mwingi, nami nilimpenda sana kwa siku za mwanzo.

Mwaka huo Papa aliamua kwamba nyama ya nguruwe wa Noeli haitatuozea tena mikononi. Kila mwaka tulichinja, tukala hadi matumbo yakauma, na iliyobaki tukaigawa mbiombio kabla haijanuka. Mtambo wa dukani wa kukaushia nyama kwa moshi hakuwa na uwezo nao, kwa hiyo alijitengenezea. Dereva mmoja wa lori aliyetoka Mubi alimpa pipa kuukuu la mafuta. Papa akalitoa mfuniko na kitako, akaliwashia moto mkali ndani mpaka harufu ya mafuta ikaisha kabisa. Akalisimamisha juu kidogo ya mteremko. Chini yake akachimba shimo la moto, na kati ya shimo na pipa akapitisha mfereji, akaufunika kwa mabati chakavu na udongo, ili moshi upande taratibu na ufike umepoa. Ndani ya pipa akaweka vyuma vyembamba vya kutundikia nyama, na juu gunia lililoloweshwa maji. Udongo wa mfereji niliukanyaga mimi kwa miguu yangu, na kwa hesabu yangu mfereji ule ulikuwa mali yangu.

Kuni pia nilileta mimi. Na kwetu Masisi kuni ni nini, kama si mkaratusi? Ndio mti uliotuzunguka, ndio uliotujengea nyumba na kutuivishia maharage. Mama alipaka chumvi vipande vichache vya kujaribia, Papa akatia motoni matawi yenye majani mabichi ili moshi uwe mzito. Riziki alikuwa amesimama kando. Akanusa, akasema polepole:

"Papa, hii muti haiko ya nyama. Kwetu bibi anachaguaka muti, anaonjaka kwanza ganda yake."

"Moshi njo moshi," Papa akamjibu, akicheka, maana kwake moshi wote ni mmoja.

Nyama ilitoka na rangi nzuri ya kahawia na ladha ya dawa ya kikohozi. Mama alitafuna, akafikiri, akasema angalau kifua chake kimefunguka. Papa alicheka mpaka akajishikiza kwenye pipa, kisha akasema neno lililonikata maini:

"Riziki, kuya unionyeshe."

Riziki alionja magome ya miti yote ya uani, akachagua avoka kavu. Akakaa pale nilipokuwa nakaa mimi. Alipomwambia Papa apunguze moto, Papa alipunguza, huyo Papa ambaye hata Mama alimshauri mara nyingi bila kujibiwa. Nilivionea wivu vidole vyake vyenye masizi. Alipokohoa, Papa alimuuliza kama amechoka. Nami nikakohoa, kwa nguvu zaidi, nikaambiwa ninywe maji.

Noeli ilipofika, nyama ilitoka safi, mafuta yanang'aa. Papa akakata kipande cha kwanza, akampa Riziki. Sasa sikilizeni: yule mtoto hakula. Alikipokea kwa mikono miwili, akarudi kwenye pipa, akakitundika tena.

"Ya nani hiyo?" nikauliza, sauti imejaa sumu.

"Ya papa yangu. Kwetu, muntu akiwa mu safari, sehemu yake inarudishwaka mu moshi. Haiozaka. Inamungojea."

Kule Omate simu hazikushika rezo, mtandao haukufika, na tangu baba mdogo aondoke hatukuwa na habari yake yoyote. Papa alichukua sehemu yake mwenyewe, akaenda akaitundika kando ya ile. Mimi niliona jambo moja tu: sasa anamwiga mpaka namna ya kutokula.

Tangu hapo, kila moto ulipowashwa, wale wawili walikaa pamoja, macho kwenye njia ya chini inakotokea pikipiki. Niliamini wana upendo wao ambamo mimi sikualikwa.

Baba mdogo alitokea wakati wa mvua, amekonda, lakini mzima. Alikula vile vipande viwili vilivyokauka kama ngozi ya ngoma, amesimama vilevile, huku Papa amemshika bega. Hapo ningeweza kuelewa, ila nilikuwa na kazi ya kufurahi, kwa sababu walikuwa wanaondoka. Riziki alipanda pikipiki nyuma ya baba yake, nami nikapunga mikono yote miwili.

Papa alipowasha tena moto, nilikaa mahali pangu. Akatundika kipande.

"Ya mudogo yangu."

Akatundika kingine.

"Ya Riziki."

Nikangoja. Akafunika gunia.

"Na yangu, Papa?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama mvua inalowesha. "Yako ya nini? Weye uko hapa."

Nililia mpaka Mama akadhani nimeungua.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Papa na Riziki walikuwa wanamngoja mtu mmoja na kuogopa jambo moja, na kwamba hakuna aliyeninyang'anya kitu. Lile jibu la Papa lilinichukua muda zaidi. Nilikuja Goma kusoma, nikaolewa, nikabaki. Noeli iliyopita njia haikuwa nzuri, sikuweza kupanda kwenda nyumbani Masisi. Mama akanipigia simu nikiwa sokoni, akaniambia kwa kicheko: "Papa yako ametundika na yako."

Nilikaa chini katikati ya magunia ya watu, nikamwonea wivu yule mtoto niliyekuwa, aliyekosa kipande.