Nilivyomsingizia fahali baada ya kutolewa prostate

Salamu wakuu. Hii ni yangu mwenyewe, si ya "rafiki yangu", na sitatia chumvi.

Miaka ya tisini, nikiwa hamsini na kitu, nilipatikana na kansa ya prostate. Nikafanyiwa operesheni, tezi dume ikatolewa yote, pamoja na tezi ndogo za kando yake. Daktari alieleza mengi, lakini alipofika mambo ya chumbani mimi nilikuwa natazama viatu vyake. Aibu wakuu.

Miezi ikapita, mashine ikakubali kuwaka tena. Raha ikafika kama zamani, lakini hakukutoka kitu.

Hata tone.

Mara ya tatu mke wangu, Mama Njeri, akashindwa kuvumilia.

"Baba Njeri, hayo maji yako unaachia nani huko Thika?"

Kazi yangu ilikuwa Thika, nyumbani Ruiru. Hata mimi sikujua yameenda wapi. Akahamia chumba cha wasichana wetu. Nikabaki na hofu kwamba kansa imerudi, au uanaume ndio umekwisha.

Mtu mwenye akili angerudi kwa daktari. Mimi nilienda kwa jamaa wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, kwa sababu mtaani hakuna aliyejua mambo ya mbegu kumshinda. Nikamwambia niko na fahali anapanda vizuri lakini hatoi kitu.

"Mzee, hiyo peleka bucha," akasema.

Chai ilinishinda siku mbili.

Jumamosi, kwa wema wake tu, jamaa akaja kumwangalia fahali. Akamkuta Mama Njeri.

"Haiya! Fahali gani? Sisi tuko na ng'ombe moja tu ya maziwa."

Jamaa akamweleza ugonjwa wote, na vile nilikuwa na wasiwasi. Mimi niko nyuma ya zizi na ndoo, nasikia kila neno. Mama Njeri akacheka sana, kisha akaanza kulia.

Jumatatu tukaenda kwa daktari pamoja. Maswali yote aliuliza yeye. Kumbe yale maji hutengenezwa na tezi zilizotolewa. Raha inabaki, maji hayarudi. Si kansa, si mpango wa kando. Siku hiyo hiyo alirudi chumbani kwetu.

Funzo: daktari akieleza, wacha viatu vyake, na uende na mama watoto. Waliopitia hii waseme hapa chini, msiniachie aibu peke yangu.

Ah, nilisahau. Baadaye yule jamaa, huku anacheka, alituuliza nje ya kanisa kama fahali tulimuuza. Mama Njeri akajibu kabla yangu.

"Hapana. Huyo tuliamua tukae na yeye."