Ampea Kumi na Moja na Nusu

Sabaha aliwadharau sana watu wanaosoma boksi wakajiona wameujua umeme. Alikuja Dar kutoka Lindi, akasomea ufundi miaka miwili, na sasa ana mwaka wa kumi na sita kibandani kwake Gerezani, akitengeneza mota na kufunga nyaya kwenye maduka ya Kariakoo. Wateja waliisifu kazi yake, wakalalamikia mdomo. Mdomo hakuurekebisha.

Hillary alikuwa mmoja wa wateja hao, Mchaga mwenye duka la jumla la majiko ya umeme ya koili. Nyaya za duka alifungiwa na Sabaha. Siku moja akampigia simu aje haraka, na alipofika akamkuta mlangoni, wateja wamejaa.

"Fundi, umenifungia takataka. Nikiwasha majiko manne watu wayaone, dakika chache tu breka inakata."

"Ya wati ngapi, mangi?"

Hillary akanyanyua boksi juu wote walione. "Elfu moja mia tano. Manne ni elfu sita. Gawa kwa volti mia mbili thelathini, unapata ampea ishirini na sita. Breka yako ni ya thelathini na mbili. Sasa kwa nini inakata?"

Hesabu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi Sabaha zaidi. Jitu zima linajua kugawanya, halafu linagawanya uongo. Aliwasha jiko moja, akabana mita kwenye waya. Volti mia mbili thelathini, ampea kumi na moja na nusu.

"Zidisha."

Hillary akabonyeza simu yake. Elfu mbili mia sita arobaini na tano.

"Hizo ndizo wati zako. Sasa gawa volti kwa ampea."

"Ishirini."

"Ukinzani wa omu ishirini. Jiko la wati elfu moja mia tano lingekuwa na thelathini na tano. Waliolitengeneza wamebania waya wa koili, wameukata mfupi. Ukiwa mfupi ukinzani unapungua, umeme unapita mwingi. Manne yanavuta ampea arobaini na sita. Breka ina akili kukuzidi."

Mteja mmoja akacheka. Hillary akakunja uso. "Basi weka breka ya sitini na tatu."

"Nyaya za ukutani hazibebi mzigo huo. Siweki."

"Mafundi wamejaa mjini, dada."

Akamleta Allan, fundi mwenye kofia ya kiinjinia na asiye na mita, naye akaiweka. Siku ya tisa, saa nane mchana, waya uliyeyuka ukutani. Rafu mbili ziliteketea kabla majirani hawajauzima moto kwa mchanga.

Hillary hakuja kuomba radhi. Alimtuma mkewe, Vicky, na Sabaha akakubali kufunga upya kwa ajili ya huyo mama tu. Alivuta nyaya nene, kila jiko na njia yake. Alipokuwa akikusanya koleo zake, akaingia mteja, mama mmoja, akanyanyua jiko, akauliza linakula umeme kiasi gani.

"Wati elfu moja mia tano," Hillary akajibu bila kupepesa, kidole juu ya boksi.

"Elfu mbili na mia sita," Sabaha akasema. "Nyumbani una nyaya gani, mama?"

Yule mama akalirudisha jiko mezani, akatoka.

"Unanifukuzia wateja," Hillary akanung'unika.

Sabaha alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaona hapo hakuna wa kujibiwa. Akabeba mkoba wake, akaondoka.