Siku Niliyowavua Wadogo Zangu Viatu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo uso wangu hupata moto. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, hapa hapa Kibomet, Kitale. Nilisimama mlangoni pa nyumba yetu nikawaambia wadogo zangu wavue viatu. Keti nikueleze, maana najua mfukoni una barua ya kukuita kwenye mafunzo ya uongozi ng'ambo, na mimi niliwahi kushika barua kama hiyo.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule darasa la saba kwa sababu Simiyu na Nekesa walikuwa bado wadogo, na njaa haingoji mtu afanye mtihani. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wangu mimi ulikuwa maghala ya mahindi, ambako nilifanya kibarua cha kupukuchua na kupepeta pamoja na kina mama walionizidi umri.

Mama tulimzika nyumbani kwetu, upande wa Lwakhakha, siku ya mvua. Wadogo zangu walisimama kando ya kaburi wakiwa miguu mitupu, matope yamewafika vifundoni, nikasikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake, "Hawa sasa ni wa kuokota." Niliapa moyoni kwamba hakuna atakayewaona tena hivyo. Viatu vyao vilikuja kabla ya leso yangu mpya, kabla ya godoro, kabla ya mengi.

Sasa msimu mmoja wanunuzi walianza kutuletea magunia yaliyoshonewa kipande juu. Gunia moja linameza mahindi ya gunia moja na nusu, nawe unatakiwa kulijaza na kulibeba kana kwamba ni la kawaida. Niliwaambia wenzangu, "Tukae chini." Tulikaa siku mbili bila kugusa gunia. Siku ya tatu magunia ya kawaida yakarudi. Habari hiyo ilienda mbali kuliko nilivyodhani, ikawafikia watu wa mpango mmoja wa kimataifa uliokuwa ukitafuta vijana wa kufundishwa uongozi. Nikaitwa Bungoma kwa wiki moja, karibu na Kibabii. Wenzangu wa mafunzo walikuja na vyeti. Mimi nilikuja na malengelenge ya mikono.

Nisikudanganye, yalikuwa mafunzo mazuri. Walitufundisha kuendesha mkutano bila kelele, na kumsikiliza anayekupinga mpaka amalize. Somo moja lilinikaa hasa: kabla ya kuamua, uliza ni nani atakayebeba mzigo wa uamuzi wako. Siku ya mwisho tuliambiwa wawili kati yetu watapelekwa ng'ambo miezi mitatu, na mmoja ni mimi. Nikapewa barua, nikaruka kama ndama. Jirani yetu mzee, tuliyemwita Kukhu, yaani bibi, alikubali kukaa na wadogo zangu. Kilichobaki ni picha tu, za kuwekwa kwenye kitabu cha wafadhili.

Mratibu wa mpango akaja Kibomet na mpiga picha. Niliwapanga wadogo zangu mbele ya nyumba, wameoga, wamepakwa mafuta, viatu vimepigwa rangi. Mratibu akawatazama, akakuna kidevu.

"Nafula, hawa watoto wako sawa sana, bana. Nani ataamini ni mayatima?"

"Si ni mayatima kweli?"

"Najua. Lakini picha haijui. Watoe viatu kidogo tu. Na huyo mdogo avae sweta ya kulalia."

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Ningeweza kukuambia kwamba nilikataa palepale, lakini njia ya mwongo ni fupi. Niliiona ndege. Niliyaona majina yetu kwenye kitabu. Nikawaambia, "Vueni." Simiyu alivua bila kunitazama. Nekesa aliuliza, "Dada, kwani tumekosa nini?" Nikamwambia anyamaze.

Kukhu alikuwa anapita na kuni zake. Akasimama. Akaitazama miguu ile minne iliyo mitupu, akatua mzigo, akaniuliza taratibu, "Nafula. Nani amekufa tena hapa?"

Yeye ndiye aliyesafiri nasi akawashika mkono siku tulipomzika mama.

Nilihisi kama nimerudi Lwakhakha kwenye yale matope, ila safari hii shangazi alikuwa mimi.

"Vaeni viatu," nikasema.

Mratibu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemtuliza mtoto. "Usichezee bahati. Unajua wangapi wanataka hii nafasi? Na wana cheti cha Fomu Foo."

"Basi wapelekeni. Sisi mkitutaka, mtatupiga picha hivi hivi."

"Ati hivi? Hii haionyeshi shida."

"Shida iko. Muulize Simiyu hivyo viatu vilipatikanaje. Mlinifundisha wenyewe kule Bungoma kwamba niulize mzigo unabebwa na nani. Leo anaubeba Nekesa, na hajafika hata darasa la kwanza. Sitampa."

Mratibu alifunga daftari lake. Mpiga picha alitazama chini, kisha akainua kamera akapiga moja tu, sijui kwa nini. Katika haraka yake Nekesa alikuwa amevaa cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Picha hiyo sijawahi kuiona. Kama imo katika kitabu fulani huko duniani, utamjua kwa vile viatu, na kwa jinsi alivyokunja uso.

Safari yangu iliishia hapo. Alienda mwingine, na simwonei kijicho. Wiki iliyofuata nilirudi ghalani, na mkutano wetu wa kwanza niliuendesha kama nilivyofundishwa, kila mmoja akisikilizwa mpaka amalize. Mafunzo yao sikuyarudisha. Yalikuwa yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda. Sikukatazi. Panda ndege, jifunze lugha yao, kula chakula chao, uliza maswali mpaka wakuchoke. Usione haya kwamba hukusoma sana au hukuzaliwa pazuri, maana kuongoza ulianza siku ulipogawa ugali usiotosha na kila mtu akashiba kiasi. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Wakikuomba ueleze ulikotoka, eleza kwa kichwa kilicho juu. Wakikuomba uwavue watu wako ili wewe upate kupaa, sema hapana, hata kama sauti inatetemeka. Na ukishasema ndiyo kwa makosa, kama mimi, bado hujachelewa kusema, "Vaeni."

Mungu wa baba yangu na mama yangu akupeleke salama na akurudishe salama. Akupe mdomo usiouza watu wa nyumbani. Na siku utakaposhuka, sisi tutakuja kukupokea, wote, tukiwa na viatu miguuni.