Siku Nilipomkabidhi Chui

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, enzi za Mwingereza, nilipofika kijiji cha Choma na furushi kichwani, nikimwongoza kwa kamba mbwa wa marehemu baba.

Tulitoka mbali, Ipole. Baba alikuwa mrina asali. Alipofariki, kaka yangu akiwa huko Tanga kwenye mkonge, nilibaki nyumbani na mbwa huyo, Chui, wawili tu. Watu husema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulilambwa miezi ile ya njaa, hata ukiwa hauna ukoko wa ugali. Kisha nikapata nafasi ya kujifunza uuguzi Tabora mjini, na bwenini mbwa haruhusiwi. Ndipo shangazi yangu, aliyeolewa na wafugaji wa Choma, akakubali kumchukua.

Siku ya kuondoka nilipanga kumtoroka wakati akila. Mume wa shangazi, Mzee Masanja, akanikuta nyuma ya zizi.

"Unakwenda wapi bila kuaga?"

"Naogopa atalia, baba."

"Atalia, ndiyo. Lakini ukimtoroka atakutafuta. Atairudia njia mliyojia mpaka fisi wamle. Rudi, mwanangu. Mpe Kabula kamba kwa mkono wako, na mbwa aone."

Nikarudi. Nikachutama, nikampapasa masikio, kisha nikampa Kabula, binti wa shangazi, ile kamba. Chui alinitazama mimi, akamtazama yeye. Nilipoondoka hakubweka. Alilia kwa sauti nyembamba, nami niliendelea kuisikia hata pale ambapo haikuwezekana tena kusikika.

Bwenini tulilala wasichana wengi, lakini sijapata kuwa mpweke vile. Nikiamka nilishusha mkono kando ya kitanda, nikagusa sakafu baridi.

Mvua zilipokwisha nikaenda kumwona. Kwanza alinibwekea, kisha akanitambua, akanirukia hadi nikaanguka. Ila ng'ombe walipotolewa, alimfuata Kabula. Nilisimama zizini peke yangu, nikalia, nikashukuru.

Mwanangu, maisha yatakutenga na wengi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki hatorokwi. Muage akikuona, mweke mikononi mwa watu wema, kisha usimwonee kijicho akipata raha bila wewe. Upweke utakaobaki ni wako, ubebe. Mungu akujalie kupokelewa kila utakapofika, na siku ukiwa wewe ndiye unayeachwa, asikunyime mtu wa kukuaga.