Jamhuri Yetu, Bagamoyo kwa Shangazi

Sherehe ya kwanza ya uhuru niliyohudhuria ugenini ilinuka mtaro. Wala sisemi kwa dharau. Nilikuwa na miaka kumi, nimetoka Mombasa na baba kuja kula likizo ya Desemba kwa dada yake, Shangazi Mwanakombo, aliyeolewa Bagamoyo. Asubuhi ya tarehe tisa, siku ya Uhuru ya Tanzania Bara, nilivaa gauni langu jeupe la Idi, nikajipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, nikakaa barazani kungojea gwaride. Kumbe mwaka huo gwaride limefutwa, nchi nzima imeambiwa ifanye usafi! Shangazi akatoka na kanga kiunoni, akanitia mkononi ufagio wa chelewa. "Haya twende sokoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Na mimi nilikuwa na siku ya nne.

Sokoni palijaa watu, wenye maduka na wauza samaki pamoja, wanazoa magamba, maganda ya machungwa na tope jeusi la mtaroni, huku wakitaniana na kuimba. Gauni langu likaharibika, nikanuna. Zuhura, binti yake shangazi, rika langu, akaniuliza nina nini.

"Kwetu siku ya nchi watu hawafagii," nikamjibu nimebinua mdomo. "Kwetu ndege za jeshi zinapita angani!"

"Na huku chini anafagia nani?"

Nikamwambia tu kwamba Siku yetu ya Jamhuri, sikukuu ya Kenya, ni tarehe kumi na mbili, ataona. Ataona nini, hata mimi sikujua. Mkenya mwenzangu pale alikuwa baba, na baba siku hiyo angekuwa Dar es Salaam kwa shughuli zake.

Basi siku zile nilizihesabu kwa vidole. Niliogopa, wallahi, siku yetu isije ikapita hivi hivi, watu wakaange mihogo yao, wauze dagaa wao, pasiwe na hata mmoja wa kujua kwamba leo kuna sikukuu. Asubuhi ya tarehe kumi na mbili niliamka nalia kwa kwikwi, nataka kwetu. Mara nikasikia nje, chwa! chwa! Nikatoka na machozi yangu. Zuhura alikuwa amekusanya watoto saba wa jirani, kila mmoja na ufagio wake, wanafagia uwanja ambao ulishafagiwa jana yake na haukuwa na hata jani.

"Si sikukuu yenu leo?" akasema, jasho linamtoka. "Tunaifanya. Wewe kaa."

Nikae wapi, jamani! Nilicheka huku nalia, nikanyakua ufagio, tukatimua vumbi mpaka shangazi akatufokea, kisha akatutolea maandazi ya moto na chai ya maziwa.

Siku hizi Jamhuri naitazama kwetu Mombasa, kwenye televisheni. Ndege zinapita kweli, na mimi hupiga makofi peke yangu sebuleni. Naipenda nchi yangu, sifichi. Lakini ndege zile hazijui kama nipo. Wale watoto wa Bagamoyo hawakuwahi hata kuiona Kenya, wakaamka asubuhi na mapema kuifanyia sikukuu yake, kwa sababu tu mtoto mmoja wa huko alikuwa mgeni wao.