Mtu wa Viungo Tuliyemwazima

Kwetu Kabuchai mgeni wa heshima akija, nyumba inaazima. Viti kwa jirani huyu, vikombe kwa yule, kitambaa cha meza kwa mke wa mchungaji. Mgeni akienda, kila kitu kinarudi kwao, na hakuna anayeita hiyo uongo. Lakini mwaka jana kamati ya kituo chetu cha afya iliazima mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mjukuu wangu.

Msichana huyo nilimlea kwa kuuza mboga. Leo amesomea kunyoosha viungo, ameandikwa hospitali ya binafsi huko Kitale. Nikipita naye sokoni natembea polepole, watu watuone vizuri.

Nyumbani nilikuwa na mzee wangu, kiharusi kimemwangusha. Mkono ulijikunja kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Kituoni chumba cha viungo kipo, kitanda kipo, mtu hakuna. Na Kitale utampelekaje kila wiki juu ya pikipiki, mtu anayelalia upande?

Ndipo tukasikia watu wa serikali wanakuja kuhesabu wafanyakazi wa vituo vya mashambani, wale ambao si madaktari wala manesi: wa maabara, wa picha za mifupa, wa viungo. Penye pengo, ati watu watatumwa. Nilishika neno hilo kama kamba ya kisima.

Mwenyekiti wa kamati akampigia mjukuu wangu simu aje siku hiyo. Wageni wasikute chumba kitupu, watatudharau.

"Usivae hilo koti jeupe la kazi," nilimwambia.

"Kukhu, bibi yangu, mwenyekiti ni mtu mzima. Nitamkatalia aje?"

"Vile unakatalia wanaume ninaokuletea."

Akacheka. Akavaa.

Kijana wa kuhesabu alipofika na tableti yake, nilisimama mlangoni. "Huyu ni mjukuu wangu. Kazi yake iko Kitale. Hapa ameazimwa tu."

"Msimjali kukhu," mwenyekiti akasema. "Anamtaka msichana nyumbani ampikie."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akamuuliza mjukuu wangu kama anafanya kazi hapo. Msichana akaniangalia, akamwangalia mwenyekiti, akasema ndiyo. Kidole kikagusa kioo, basi.

Jioni alimshughulikia babu yake. Mzee alisimama, ameshika mlango, machozi yanamtoka. Asubuhi msichana akarudi Kitale.

Watu walipotumwa, kituo cha Sirisia kilipata wa kwao wa viungo. Sisi tukaambiwa tunaye tayari. Mwenyekiti aliniletea sukari. Nikamuuliza kama hiyo sukari inanyoosha goti.

Sasa namvuta mzee mwenyewe, vile niliona akivutwa. Analia, naacha. Akinyamaza nashika tena. Viti vya watu nimerudisha kila mara, hata kimoja hakijapotea. Na mzee kila asubuhi anauliza yule wa koti atakuja saa ngapi.